Wakulima wa Ufuta Waungane Shambani Kabla ya Kuungana Ghalani

Mkulima wa Lindi au Mtwara mwenye ekari moja au mbili za ufuta hana sauti mbele ya mnunuzi anapouza peke yake. Mfumo wa stakabadhi ghalani, uliotungiwa sheria mwaka 2005 na kuanza kutumika katika zao la korosho msimu wa 2007/2008, umempa nafasi nzuri zaidi, kwa kuwa mazao ya wanachama wengi wa chama cha msingi cha ushirika, yaani AMCOS, hukusanywa ghalani na wanunuzi hushindana mnadani. Hata hivyo, kukutana kwenye mizani peke yake hakutoshi. Mnunuzi hutaja bei ya shehena nzima, na magunia machache yenye mchanga au punje mbichi humfanya apunguze bei kwa wote, akiwamo yule aliyepepeta ufuta wake kwa uangalifu.

Kwa hiyo tunashauri kikundi kianze kazi ya pamoja kwenye mbegu. Wanachama wachague aina moja, kwa mfano Lindi 2002 au Mtondo 2013, zilizotokana na utafiti wa kituo cha Naliendele, kwa sababu ufuta wa rangi mchanganyiko hauvutii wanunuzi. Wapande katika kipindi kimoja mvua zinapokuwa zimetulia, wapunguze miche mapema, na wapalilie kabla magugu hayajaizidi nguvu.

Mavuno ndiyo yanayohitaji uangalizi mkubwa kuliko yote, kwani ufuta hupukutika. Mkulima akisubiri mmea wote ukauke shambani, vitumba vya chini hupasuka na punje humwagika ardhini ambako haziokoteki. Akate mimea pale vitumba vya chini vinapogeuka njano na kabla havijapasuka, aifunge mafungu madogo na kuyasimamisha wima juu ya turubai, vichwa vikiwa juu, hadi ikauke. Baada ya hapo kila fungu hupinduliwa na kukung'utwa juu ya turubai hilohilo. Kupura kwenye ardhi tupu ni kosa linalogharimu sana, kwa kuwa chembe za mchanga hulingana na punje za ufuta na hata mama aliyezoea ungo hapati urahisi wa kuzitenganisha. Turubai na chekeche ni vifaa ambavyo kikundi kinaweza kununua kwa mchango na kuvitumia kwa zamu, na wanachama wakavuna kwa ujima, shamba moja baada ya jingine, kwa kuanza na lililotangulia kukomaa.

Lipo tatizo jingine linalohitaji kusemwa waziwazi. Wakulima wengi huuza ufuta ungali shambani, kwa njia ya kangomba, yaani kwa walanguzi wanaonunua kwa bei ya chini nje ya mnada, si kwa kutojua bei ya mnada, bali kwa sababu ada ya shule au matibabu hayasubiri. Kuwakemea hakusaidii. Kikundi chenye mfuko wa akiba, wa aina ya VICOBA, ambamo wanachama hununua hisa baada ya mauzo na kukopa kwa riba nafuu miezi ya njaa, huwawezesha kufika mnadani wakiwa bado na mazao yao wenyewe. Kwa maoni yetu, mfuko huo una faida kwa mkulima kuliko ahadi yoyote ya bei.

Siku ya kupokea mazao, mwanachama asimame karibu na mizani, asome uzito mwenyewe na asiondoke bila stakabadhi yenye jina lake, kilo na tarehe. Kabla msimu haujafunguliwa, mkutano mkuu ujadili makato yote, kuanzia ushuru wa halmashauri na gharama za ghala hadi magunia na usafirishaji, kisha orodha yake ibandikwe ofisini kwa lugha rahisi na kwa kiasi cha kila kilo. Taarifa ya ukaguzi wa hesabu za chama nayo isomwe mbele ya wanachama, na viongozi wajibu maswali kabla ya uchaguzi wa bodi.