Mzazi akianza kusahau, anza na mfuko wa dawa

Kadiri umri unavyosonga, hipokampasi, sehemu ya ubongo inayonasa mambo mapya, husinyaa kidogo kidogo, na majina huchelewa kuja. Hilo ni la kawaida. Lakini akishuka kituo cha Kencom, Nairobi, asijue gari la kwenda kwake, au akituma pesa zilezile mara mbili kwa M-Pesa na kukana, usiseme ni uzee tu.

Mwambie alete dawa zote, hata za kununua bila kuandikiwa, uzimwage mezani. Tafuta kwanza Piriton, dawa ya mzio na mafua ambayo wengi humeza wapate usingizi. Kisha amitriptilini ya maumivu ya neva, na diazepamu ya kutuliza wasiwasi. Mbili za kwanza huziba njia ya asetilikolini, kemikali ambayo seli za kumbukumbu hutumia kupashana habari. Donepezili, dawa ya Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu, kazi yake ni kuzuia kemikali hiyohiyo isivunjwevunjwe. Kumpa mzee Piriton pamoja na donepezili ni kuteka maji kwa pakacha. Ila usizikatishe mwenyewe: diazepamu ikiachwa ghafla huweza kuleta kifafa. Daktari azipunguze.

Ukikuta metfomini ya sukari, uliza ameitumia miaka mingapi. Huzuia vitamini B12 isifyonzwe vizuri, na B12 ikipungua miguu hufa ganzi na kumbukumbu kuyumba, hata kama damu yenyewe haijapungua. Damu ya kupima B12 itolewe kabla ya sindano ya vitamini. Akidungwa kwanza, majibu yatakuja mazuri ya uongo. Hapohapo apimwe thairoidi, sukari, chumvi, figo, VVU na kaswende. Masikio yaangaliwe nta, maana asichokisikia hawezi kukikumbuka. Kama aligonga kichwa wiki chache zilizopita, picha ya CT isingoje: damu hujikusanya polepole juu ya ubongo.

Jaribio la nyumbani ni la dakika chache. Mpe maneno matatu: sufuria, mbuzi, kanisa. Ayarudie. Mchoree duara, aandike namba za saa, kisha aweke mishale ya saa tano na dakika kumi. Ndipo umwulize yale maneno. Kila neno alama 1, saa sahihi alama 2. Chini ya 3 apelekwe kliniki. Mshale mrefu ukielekea 10 badala ya 2, ubongo umeng'ang'ania neno "kumi" ukashindwa kuligeuza. Kwa asiyesoma shule, usiitegemee hiyo saa.

Donepezili huanza kwa miligramu 5 jioni, na baada ya wiki 4 hadi 6 huweza kupandishwa hadi 10. Mapigo ya moyo yapimwe kwanza, kwani dawa huyapunguza na mzee anaweza kuzimia. Akiota ndoto za kutisha, daktari huihamishia asubuhi. Hutuliza dalili, haizuii ugonjwa. Lekanemabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, huondoa amiloidi, protini inayorundikana kwenye ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer, lakini ni ya hatua za mwanzo tu, huanza kwa kutiwa mshipani kila wiki mbili, na hudai picha za MRI mara kwa mara kwa sababu ubongo unaweza kuvimba au kuvuja damu. Usiuze shamba kwa ajili yake.

Presha idhibitiwe, kisha atembee. Katika utafiti wa Marekani wa 2011, wazee waliotembea dakika 40, siku 3 kwa wiki, kwa mwaka mzima, hipokampasi yao iliongezeka kama asilimia 2. Walianza na dakika 10, wakaongeza 5 kila wiki. Mitaani kuna mitaro wazi na bodaboda. Mpeleke msitu wa Karura asubuhi, viatu vyake viwe vya kufunga kamba.