Kumuuguza mgonjwa wa MS kwenye joto la Mtwara na Lindi

Novemba, saa nane mchana, chumba cha bati kisicho na dari. Mgonjwa wa maltipo sklerosisi (MS) aliyeamka akitembea kwa fimbo anashindwa hata kunyanyua mguu, na jicho moja linaona ukungu. Ndugu wanasema ugonjwa umerudi. Mara nyingi haujarudi; ni joto tu.

Katika MS, kinga ya mwili hushambulia utando wa mafuta unaofunika mishipa ya fahamu ya ubongo na uti wa mgongo. Mshipa uliochubuka bado unapitisha taarifa, ila kwa taabu. Joto la mwili likipanda hata nusu nyuzi, taarifa inakwama. Mwili ukipoa, nguvu zinarudi.

Kwa hiyo mpoze kwanza. Mtoe barazani au chini ya mwembe penye upepo, mpunguzie nguo, mzungushie shingoni kanga iliyoloweshwa maji ya mtungi, mpe maji ya baridi anywe kwa mafunda madogo, kisha subiri saa moja. Mpime homa. Akiwa nayo, apimwe malaria na mkojo siku hiyohiyo. Usingoje alalamike kwamba mkojo unauma: kwa kuwa hisia zimepungua, maambukizi ya kibofu huweza kujitokeza kwa harufu kali, mkojo wenye mawingu, au miguu kukakamaa kuliko kawaida. Shambulio la kweli ni dalili mpya, au ya zamani iliyozidi, inayodumu zaidi ya saa 24 bila homa wala maambukizi. Hiyo ndiyo ya kupeleka hospitali: Ligula (Mtwara), Sokoine (Lindi) au ya kanda kule Mitengo. Ila homa kali, kuchanganyikiwa au kushindwa kupumua hakungojewi saa hata moja.

Shambulio kali hutibiwa kwa methiliprednisoloni, kwa kawaida gramu 1 ya dripu kila siku kwa siku 3 hadi 5. Inafupisha shambulio, haiondoi ugonjwa. Dawa hii hushusha kinga na kupandisha sukari, ndiyo maana maambukizi hutafutwa kabla ya sindano ya kwanza. Mwambie daktari kama mgonjwa amewahi kuugua kifua kikuu, na kama amezoea kulima pekupeku: kuna minyoo wanaopenya kwenye nyayo na kukaa mwilini miaka bila dalili, na dawa hii inaweza kuwaacha wasambae mwili mzima. Iombe itolewe asubuhi, vinginevyo usiku hatalala.

Na tuliseme wazi, maana nyumba nyingi hufanya hivi kwa nia njema: usimkande kwa maji ya moto, usimfukize, usimwekee jiko la mkaa miguuni. Mguu wenye ganzi unaungua bila mwenyewe kujua, na joto lenyewe linamlegeza zaidi. Kuoga maji ya uvuguvugu kunatosha. Kazi zinazochosha, kuoga, mazoezi, safari ya kliniki kwa bajaji, zimalizwe kabla ya saa nne asubuhi.

Kibofu

Hapa ndipo wauguzaji wengi hukosea. Mgonjwa anabanwa ghafla, anajikojolea, basi wanampunguzia maji. Mkojo unakuwa mzito, choo kinafunga, maambukizi yanaingia. Anahitaji lita 1.5 hadi 2 kwa siku, zaidi kidogo msimu wa joto akitoka jasho, ila zinywewe zaidi mchana. Kuanzia magharibi apunguze.

Huenda pia kibofu hakimalizi mkojo. Muuguzi hupima kwa kutoa mkojo uliobaki dakika chache baada ya mgonjwa kwenda haja ndogo. Ukizidi mililita 100, atafundishwa kujitoa mkojo kwa mpira mwembamba (katheta) mara kadhaa kwa siku. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla, na mpira usilazimishwe ukikwama. Mgonjwa avute pumzi, atulie, ajaribu tena. Kilainishi kiwe cha maji, cha dukani. Mafuta ya nazi na ya mgando huozesha mpira wa lateksi.

Choo cha shimo kinamshinda mtu ambaye magoti hayakunji. Chukua kiti cha plastiki chenye mikono, kata tundu la sentimita kama 20 katikati ya kikalio, sugua kingo kwa msasa mpaka kidole kisikwaruzike, kisha zizungushie tyubu kuukuu ya baiskeli. Usiruke hatua ya tyubu: mkwaruzo mdogo kwenye tako lenye ganzi ni mwanzo wa kidonda. Keti wewe kwanza upime kama kinabeba. Mkalishe baada ya uji wa asubuhi, wakati utumbo unaanza kazi, asizidi dakika 15. Mbaazi, kunde, matembele na papai vitasaidia, mradi maji yapo.

Ngozi

Asiyejigeuza ageuzwe kila saa 2, usiku pia, na mto uwekwe katikati ya magoti. Weka mto mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse godoro. Kwenye ngozi nyeusi usingoje wekundu. Pitisha mgongo wa mkono kwenye mfupa wa mkia, nyonga na visigino: mahali palipo pa moto, pagumu, au pameiva rangi kuliko pembeni, pameshaanza kuharibika. Usipasugue, mwondoe mzigo hapo.

Godoro la sponji juu ya kitanda cha kamba hupimwa hivi: ingiza kiganja chini ya godoro, usawa wa makalio yake. Ukihisi mfupa umebakiza chini ya inchi moja kufika kiganjani, godoro limekwisha. Pete ya tairi ya kukalia haifai, inabana damu kuzunguka kidonda.

Dawa

Baklofeni ya kulegeza misuli huanza kwa miligramu 5 mara tatu kwa siku na kupandishwa taratibu. Ikizidi, miguu inalegea mpaka kusimama kunashindikana, kwa sababu wengine husimama kwa ule ukakamavu wenyewe. Isikatwe ghafla: mgonjwa anaweza kupata degedege na kuona vitu visivyokuwapo. Nunua nyingine zikiwa zimebaki za wiki mbili. Kwa anayetaka kufunga Ramadhani, dozi za mchana zipangwe na daktari kabla mwezi haujaandama.

Dawa za kupunguza mashambulio ni nyingine. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliweka rituksimabu, glatirameri na kladribini kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Kabla ya rituksimabu, homa ya ini B ipimwe. Glatirameri hukaa nyuzi 2 hadi 8. Umeme ukikatika, iweke kwenye kibebeo cha baridi, ikiwa imefungwa kwa kitambaa isigusane na barafu, kwani ikiganda imeharibika.

Uliza pia kama ugonjwa jirani, neuromielitisi optika, umechunguzwa kwa kipimo cha damu cha kingamwili zinazoshambulia protini iitwayo akwaporini-4. Nao hupofusha na kupooza, hufanana na MS, lakini baadhi ya dawa za MS, inteferoni ikiwamo, huuzidisha. Kama sindano za MS zimeanza na macho yanazidi kupoteza nuru, rudi na swali hilo mkononi.