Namna ya kuchora picha kubwa ukutani hapa Kigoma, kwa kuiga wenzetu wa Mumbai

Vijana wengi wa Mwanga na Ujiji wananiuliza zile picha kubwa za kwenye kuta za Mumbai, India, zinachorwaje na kama na sisi huku mwisho wa reli tunaweza. Tunaweza kabisa, na rangi zake ni hizi hizi za dukani, ila kuna vitu ukiviruka mvua ya kwanza tu kazi yote inabanduka, kwahiyo soma mpaka chini.

Kule kuna barabara inaitwa Tulsi Pipe, inafuata reli kutoka Mahim kwenda Dadar, ina ukuta unazidi kilomita 2, na mwaka 2009 manispaa yao wenyewe ndo iliita watu waje wauchore, wakaja wasanii na wasio wasanii. Alafu mtaa wa Bandra, huko huko Mumbai, tangu 2012 kuna Ranjit Dahiya anachora mastaa wa filamu za zamani kwenye kuta za majengo, wale wale tuliokuwa tunawaangalia vibanda umiza. Ila mchoro ulionigusa mimi ni wa Sassoon Dock, gati la tangu 1875 ambalo sasa ni mwalo wa samaki, ambapo mwaka 2017 Guido van Helten kutoka Australia alichora akina mama wa Kikoli, hao Wakoli ndo wavuvi wa asili wa Mumbai, akawachora pale pale wanapohangaika na samaki kila alfajiri. Nilivyoiona nikawaza Kibirizi, mwalo wetu hapa Kigoma, nikawaza mama zetu wanaogeuza dagaa juani, nani kawahi kuwachora wakubwa kama jengo?

Ndo maana nasema picha ije baadae, anza na ukuta na watu wanaoishi nao.

Nenda kwa mwenye nyumba kwa miguu yako, jioni akiwa ametulia barazani. "Shikamoo mzee, mimi mtoto wa hapo nyuma, naomba ukuta wako wa huku barabarani nichore." Atakuuliza utachora nini na nani analipa, umwonyeshe karatasi yenye mchoro wenyewe, sio maneno matupu. Kuna bibi mmoja Ujiji aliniambia "mjukuu wangu chora unachotaka ila usinichoree mtu anatazama dirisha langu", nikamgeuza mvuvi wa kwenye mchoro wangu akaangalia ziwani, na kweli mchoro ukawa mzuri zaidi. Akikubali, pitia kwa mwenyekiti wa mtaa na barua fupi, na kama ukuta ni wa taasisi au uko barabara kuu basi ni manispaa. Ukuta wenye X nyekundu achana nao, huo unasubiri kubomolewa. Na ukikuta pameandikwa "nyumba hii haiuzwi" usifute bila kuuliza, hapo kuna ugomvi wa familia au kuna mtu ameshatapeliwa. Hata Kolkata, mji mwingine wa India, ukiona ukuta umepakwa chokaa safi karibu na uchaguzi usidhani uko wazi, kuna chama kimeshauwahi kuandika jina la mgombea wake. Ukuta karibu wote una mwenyewe, hata kama humuoni.

Msimu sasa. Mumbai mvua kubwa ni Juni mpaka Septemba, sisi huku ndo kiangazi chetu, kwahiyo wao wakiwa wamesimama sisi ndo tunafanya kazi. Plasta mpya iache wiki 4 ikauke. Nilishapaka rangi ya mafuta kwenye fremu ya duka iliyopigwa plasta siku chache nyuma, mwenye duka alikuwa anataka haraka na mimi nikakubali, mwezi wa kumi na moja ikaanza kuvimba mapovu kisha ikabanduka vipande vipande, nikarudia yote kwa hela yangu, iliniuma sana. Siku hizi napima hivi: chukua kipande cha nailoni, kibandike ukutani na solotepu pande zote nne, kilale hapo usiku kucha, asubuhi ukikuta matone kwa ndani ukuta bado una maji. Ukiona unga mweupe wa chumvichumvi ng'oa na brashi kavu, usiuoshe kwa maji maana utarudi.

Kupanua picha ni ile njia ya miraba waliyotumia wachoraji wa mabango ya sinema za India. Tuseme karatasi yako ina sm 20 kwa 12, ichore miraba ya sm 2, utapata 10 kwa 6. Ukutani piga miraba ya sm 30 kwa uzi uliopakwa unga wa chaki, mmoja anashika huku mwingine kule, mnauvuta katikati na kuuachia upige ukutani, picha inakuwa mita 3 kwa 1.8. Alafu unahamisha mraba mmoja mmoja na mkaa, usiangalie uso mzima, angalia mstari unaingilia wapi kwenye mraba na unatokea wapi, hata asiyejua kuchora anaweza. Kila baada ya muda vuka barabara uangalie kwa mbali, makosa ya ukubwa huwezi kuyaona ukiwa juu ya ngazi.

Rangi tumia ya maji ya nje, sio ya ndani. Kwa ukubwa huo lita 4 za nyeupe zinatosha mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, na kuchanganyia, rangi zingine nunua makopo madogo. Nyekundu kali na njano kali zinapauka haraka juani, ila red oksaidi, rangi ya udongo na nyeusi zinadumu, na bahati nzuri ndo rangi za mawese na ngozi zetu. Chini acha sm 30 upake rangi iliyokolea, maana tope jekundu la mvua litaruka tu.

Rangi ikibaki usiondoke nayo. Mwachie mwenye nyumba kopo na brashi moja, umwonyeshe pa kugusia, watoto watapiga mpira hapo hapo.