Jinsi ya kusoma majina marefu ya Kiingereza kwenye karatasi za hospitali

Natafsiri ripoti za hospitali, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: unayakumbukaje maneno marefu hivyo? Siyakumbuki. Nayavunja. Mengi yameungwa kwa vipande vya Kigiriki na Kilatini: mwanzo wa neno hutaja kiungo cha mwili, mwisho wake hutaja kilichokipata kiungo hicho. Ukiujua mwisho, tayari unajua kama unasoma habari za ugonjwa, kipimo au kisu. Kwa hiyo anzia nyuma.

Hatua ya 1: Ziba mwanzo wa neno

Weka kidole juu ya herufi za mwanzo, ubaki na zile nne, tano au sita za mwisho. Viambishi tamati vya kuanza navyo ni hivi:

-itis: kiungo kimevimba na kuuma
-oma: uvimbe, mara nyingi donge
-ectomy: kukata na kuondoa
-otomy: kupasua
-ostomy: kutoboa tundu
-scopy: kuchungulia kwa kifaa
-algia: maumivu
-aemia: hali fulani ya damu

Hicho cha mwisho Wamarekani hukiandika -emia, kwa hiyo anaemia na anemia ni ugonjwa uleule wa upungufu wa damu. Usipoteze muda kutafuta tofauti.

Hatua ya 2: Usichanganye -itis na -oma

Hapa Kiswahili chenyewe kinatutega, maana vyote viwili huwa tunaviita "uvimbe". Mgonjwa mwenye tonsillitis akiambiwa ana uvimbe kooni, anaweza kurudi nyumbani akiamini ana saratani.

Kwa -itis, fikiria kiungo kizima kilichochokozwa. Celsus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, alitaja dalili nne ambazo wanafunzi wa udaktari bado wanazikariri: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Mimi huandika "kuvimba kwa" halafu kiungo: appendicitis ni kuvimba kwa kidole tumbo, arthritis ni kuvimba kwa viungo vya mifupa, gastritis ni kuvimba kwa ukuta wa ndani wa tumbo. Gastritis si vidonda vya tumbo, ingawa watu wengi huviita vyote kwa jina hilo moja.

Jambo jingine: -itis haisemi chanzo. Hepatitis ni kuvimba kwa ini, basi. Inaweza kuletwa na virusi, pombe au hata dawa. Meningitis ni kuvimba kwa utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo, na chanzo chake kinaweza kuwa bakteria, virusi au fangasi. Kwa hiyo ukiona -itis usikimbilie kusema mgonjwa anahitaji antibayotiki. Neno halijasema hivyo.

Sasa -oma. Kwa kawaida ni donge lililoota au kujikusanya mahali pamoja. Lipoma ni donge la mafuta chini ya ngozi na si saratani. Haematoma ni damu iliyovuja na kujikusanya, kwa mfano baada ya kugongwa. Lakini carcinoma, sarcoma, lymphoma na melanoma ni saratani. Mwisho peke yake hautakuambia lipi ni la hatari, na hapo hakuna njia ya mkato: hayo manne yakariri.

Hatua ya 3: Pima kisu kimefanya nini

Chukua kichwa kimoja, gastr-, yaani tumbo la chakula, ukibadilishe mikia. Gastrectomy: tumbo limeondolewa, lote au sehemu. Gastrotomy: limepasuliwa, na baada ya kazi hushonwa. Gastrostomy: limetobolewa tundu la kutokea nje, mara nyingi ili mgonjwa alishwe kwa mpira. Gastroscopy: hakuna kiungo kilichoondolewa, daktari amepitisha kamera mdomoni kuangalia ndani.

Herufi moja au mbili tu, na mgonjwa ana tumbo au hana. Soma mara mbili.

Ikiwa kabla ya -ostomy kuna viungo viwili, tundu halitokei nje bali linaviunganisha. Gastrojejunostomy ni kuunganisha tumbo na sehemu ya utumbo mwembamba.

Hatua ya 4: Sasa fungua mwanzo

Ondoa kidole. Hepat- ni ini, nephr- figo, cyst- kibofu au mfuko, derm- ngozi, oste- mfupa, ot- sikio, rhin- pua, mast- titi, hyster- mji wa mimba. Vingine utavikusanya kadiri unavyosoma. Kukariri orodha ndefu kwa siku moja ni kujitesa bure.

Hatua ya 5: Kagua mikia ya uongo

Coma ina herufi za -oma lakini haina donge lolote. Inatokana na neno la Kigiriki la usingizi mzito. Glaucoma ni ugonjwa wa macho unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, si uvimbe. Trachoma nayo ni maambukizi ya macho. Astronomy inaishia kwa -nomy, haihusiani na kisu. Neno likikupa maana ya ajabu, fungua kamusi kabla hujamwambia mtu.

Hatua ya 6: Jaribu neno zima

Tuseme karatasi ina mistari miwili. Kwenye ugonjwa wameandika cholecystitis, kwenye matibabu laparoscopic cholecystectomy. Ziba mwanzo: -itis, kimevimba, -ectomy, kimeondolewa. Fungua: chole- ni nyongo, cyst- ni mfuko. Mfuko wa nyongo ulivimba, wakautoa. Limebaki laparoscopic: ndani yake umo mzizi wa -scopy, na lapar- inahusu tumbo kwa nje, ukuta na ubavu wake. Maana yake hawakulifungua tumbo kwa mkato mrefu. Waliingiza kamera na vifaa kupitia matundu madogo, na mfuko ukatolewa kupitia mojawapo.