Kuhamishia hesabu za biashara changa winguni: hatua ninazofuata hapa Tanga

Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta na kupanga mifumo ya biashara ndogo hapa Tanga mjini. Mara nyingi ninachoitiwa ni kilekile: laptopu imezima, na hesabu zote zimo humo. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, mashine inashika kutu ndani kwa ndani. Umeme nao ukikatika na kurudi ghafla, unaondoka na diski. Ndiyo maana vijana wengi wanaoanzisha biashara sasa wanakimbilia wingu, yaani kuhifadhi faili na kuendesha programu kwenye kompyuta za kampuni nyingine na kuzifikia kwa intaneti. Wana haki. Ila nimeona wengi wakihama kwa pupa, wakaishia pabaya kuliko walikotoka.

Mfano wangu ni vijana watatu wanaonunua samaki alfajiri pale soko la Deep Sea na kuwapelekea mama lishe na hoteli kwa mkopo wa wiki.

Hatua ya 1: Orodhesha mlicho nacho

Chukua karatasi. Andika kila kumbukumbu ya biashara na mahali ilipo: daftari la madeni, namba za wateja, risiti, picha, mikataba. Nusu saa inatosha. Mtashangaa ni mambo mangapi yamo kwenye WhatsApp ya mtu mmoja tu.

Hatua ya 2: Fungua akaunti ya biashara, siyo ya mtu

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko kote, na naomba nawe usipite haraka.

Vijana wa samaki walifungua kila kitu kwa barua pepe ya mwenzao aliyekuwa anaijua kompyuta. Akapata kazi Mwanza, akabadili laini. Hapakuwa na ugomvi wowote. Lakini siku simu ya ofisini ilipoharibika na wakataka kuingia kwa simu mpya, mfumo ulituma namba ya uthibitisho kwenye ile laini ya zamani, ambayo ilikwishafungwa. Wiki tatu walikaa bila daftari la madeni, wakikisia nani anadaiwa kiasi gani. Mteja mwaminifu alisema deni lake mwenyewe, wengine walinyamaza. Wingu lilikuwa zima, data zilikuwa salama, na wenyewe wako nje ya mlango.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Fungueni barua pepe mpya yenye jina la biashara. Iunganisheni na laini inayobaki ofisini, na muiwekee salio mara kwa mara, maana laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na namba yake kupewa mtu mwingine. Washeni uthibitisho wa hatua mbili, yaani anayeingia adaiwe nenosiri na pia namba inayotumwa kwenye simu. Mfumo utawapa namba za dharura za kuingilia simu ikipotea: zichapeni kwenye karatasi, bahasha mbili, kila moja kwa mshirika tofauti. Kisha kila mmoja aingie kwa akaunti yake na apewe ruhusa inayolingana na kazi yake. Anayepeleka samaki aweze kuandika mauzo, asiweze kufuta faili. Anayeondoka anatolewa ruhusa siku hiyohiyo, hata kama mnaagana kwa mikono miwili.

Hatua ya 3: Anza na daftari la madeni

Usihamishe vyote kwa mpigo. Fungua jedwali moja mtandaoni lenye safu sita: tarehe, mteja, kilo, bei, alicholipa, baki. Akaunti ya bure ya Google ina GB 15 kwa barua pepe, faili na picha kwa pamoja; majedwali hayatazimaliza, picha ndizo zinazokula nafasi.

Ruhusu faili litumike bila intaneti, kwenye simu na kwenye kompyuta. Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, ziliharibika, na intaneti ikayumba nchi nzima. Wateja wangu waliokuwa wameruhusu hilo waliendelea kuandika mauzo, na mtandao uliporudi, majedwali yakajisawazisha yenyewe. Kwa wiki mbili za mwanzo endeleeni pia na daftari la karatasi, mlinganishe kila jioni.

Hatua ya 4: Usikodi seva mpaka uwe na sababu

Seva ni kompyuta inayoendesha programu na kuhudumia watu wengi kupitia mtandao. Tangu Amazon ilipoanza kukodisha seva kwa saa mwaka 2006, mtu mwenye wazo anaweza kuanza bila kununua mashine. Jambo jema sana, lakini ni la biashara yenye programu yake. Wauza samaki watatu hawaihitaji.

Mkifika huko, chagueni kituo cha seva kilicho karibu: Microsoft ilifungua chake Johannesburg mwaka 2019, Amazon Cape Town mwaka 2020, Google Johannesburg mwaka 2024. Linganisheni bei kwanza, kwa sababu cha karibu si lazima kiwe cha nafuu. Bili nyingi huja kwa dola, kwa hiyo shilingi ikishuka gharama inapanda. Wekeni tahadhari ya matumizi siku ya kwanza, mkijua kwamba tahadhari hiyo hutuma ujumbe tu. Kuzima huduma ili bili isizidi kupanda ni kazi yenu wenyewe.

Hatua ya 5: Linda taarifa za wateja

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu wanaokusanya taarifa za watu, ikiwa ni pamoja na kujisajili kwenye Tume yake na masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi. Someni kabla ya kuanza kuhifadhi vitambulisho vya wateja. Ushauri wangu: msichokihitaji, msikikusanye.

Hatua ya 6: Wekeni nakala nje ya wingu, kisha jaribuni kurejesha

Machi 10, 2021 jengo la seva la OVHcloud liliungua Strasbourg, Ufaransa. Wasiokuwa na nakala mahali pengine walipoteza data moja kwa moja. Kila Ijumaa pakueni majedwali yote kwenye diski ya nje, na diski isikae ofisini. Ya vijana wetu inalala Pongwe, kwa shangazi wa mmoja wao.

Mara moja kila baada ya miezi mitatu, chukueni simu isiyowahi kuingia kwenye akaunti. Fungueni bahasha moja, ingieni kwa namba ya dharura, kisha fungueni nakala ya Ijumaa iliyopita kutoka kwenye diski na mtafute deni la mteja mmoja. Namba iliyotumika haifanyi kazi tena, kwa hiyo tengenezeni mpya na kubadilisha karatasi katika bahasha zote mbili. Mara ya kwanza vijana wa samaki walitumia karibu saa nzima, kwa sababu bahasha moja ilikuwa na karatasi ya zamani. Mkikwama mlangoni, rudini hatua ya 2 siku hiyohiyo, kabla hamjaenda Deep Sea kesho yake.