Gari otomatiki: usihamishe gia ovyo gari ikiwa bado inatembea

Ndugu zangu wenye IST, Passo, Premio na otomatiki nyingine, hili naliongea kwa uchungu maana gia boksi yangu ya kwanza niliiua mwenyewe. Nilikuwa nikitoka pakingi narudi rivasi, gari haijasimama mi nishaweka D (gia ya kwenda mbele), nasikia "kdu" chini ya miguu naona kawaida tu. Siyo kawaida jamani. Mle ndani kuna sahani za klachi zinaogelea kwenye mafuta ya gia boksi, ukiweka D gari inarudi nyuma zile sahani ndo zinageuka breki, zinasuguana zinaungua, mafuta yanakuwa meusi yananuka moshi, siku ya siku unaweka D injini inanguruma gari haiondoki.

Kwa hiyo kanyaga breki tairi zisizunguke kabisa, hamisha gia, subiri sekunde moja mbili usikie gari imeshika, ndo uachie. Na usiingize D huku unapiga resi.

P, gia ya kupaki, nayo wengi wanaichukulia kama breki. P ni kijino cha chuma kinachoingia kwenye gia kuizuia isizunguke, basi. Ukiweka gari inatembea kinapiga krrrr juu ya meno na kinaweza kukatika. Ukipaki mlimani na P peke yake uzito wote unakilalia, ndo maana asubuhi gia inagoma kutoka halafu inatoka kwa kishindo. Fanya hivi: breki ya mguu, N (gia huru), vuta hendibreki, achia mguu gari ilalie hendibreki, kanyaga tena, weka P, zima.

Ila kinachoniumiza zaidi ni hii ya kuweka N kwenye mteremko eti unabana mafuta. Nimeshuka mlima Kitonga kule Iringa na dereva wa hivyo, hatujafika chini harufu ya breki imejaa ndani ya gari! Na mafuta yenyewe habani, gari ya EFI (ambayo kompyuta ndo inapima mafuta ya injini) ukishuka ikiwa kwenye gia bila kukanyaga mafuta kompyuta inakata mafuta kwenye nozeli, tairi ndo zinazungusha injini, ukiweka N inabidi ichome mafuta ili injini isizime ikiwa silensa (inanguruma polepole bila kukanyaga mafuta). Halafu unarudisha D uko spidi 80, injini iko silensa, klachi inashika kwa mshtuko. Shuka na D, ikizidi kukimbia punguza kwanza kwa breki ndo uweke gia ndogo, 2 au L, kwenye CVT (gia boksi ya mkanda) utakuta S au B.

Mkono ukiteleza ukaingia N barabarani usiparamie rivasi wala P, achia mafuta, mshale wa RPM (mizunguko ya injini) ushuke, rudisha D.

Na ikikufia njiani usikubali ivutwe na kamba mwendo mrefu hata kama iko N, pampu ya mafuta ya gia boksi inazungushwa na injini, injini ikizimwa mle ndani vyuma vinasagana vikavu. Gari ambayo injini inazungusha tairi za mbele inyanyuliwe hizo tairi za mbele, four wheel ipande yote juu ya brekdauni.