Somo: Kutuliza akili kwa sauti yako mwenyewe

Assalaam alaykum ndugu zangu. Zoezi hili ni la kukaa na kutambua yanayopita mwilini na akilini wakati huo huo, huku ukifuata sauti inayokuongoza. Rekodi nyingi ni za Kiingereza, na anayehangaika kufasiri hatulii. Kwa hiyo nakuombeni mujirekodi wenyewe.

1. Washa kinasa sauti cha simu, useme polepole mno: "Sikia mwili ulivyogusa mkeka. Legeza taya. Shusha mabega. Pumzi inaingia. Pumzi inatoka." Kila baada ya sentensi nyamaza kwa pumzi nne au tano. Kimya hicho msikifupishe, ndicho kinachofanya kazi. Kwa kuanzia, dakika 5 zinatosha.

2. Chagua wakati. Mimi napenda baada ya sala ya alfajiri, kabla nyumba haijachangamka. Barazani hapafai, kila mpita njia atakusalimu.

3. Kaa mkekani au kitini, mgongo umenyooka bila kukakamaa. Fumba macho, uisikilize rekodi yako.

4. Fuata pumzi puani au tumboni. Usiilazimishe. Moyo kwa kawaida hupiga taratibu kidogo pumzi inapotoka, basi iache itoke mpaka iishe.

5. Akili itaondoka. Itakwenda kwenye deni la dukani, ada ya skuli, karafuu zilizoanikwa na wingu linakuja. Hapa ndipo wengi huacha, wakidhani hawakujaaliwa utulivu. Jamani, kugundua kuwa umeondoka, kisha ukarudi kwenye pumzi, ndilo zoezi lenyewe! Ukirudi mara ishirini, umefanya zoezi mara ishirini. Rudi bila kujilaumu. Pikipiki ikipita, isikie ipite.

6. Kabla ya kuinuka, chezesha vidole, fumbua macho taratibu.

MASUALA

Muulizaji wa Mkoani: Maalim, hii si ibada ya dini nyengine?

Jawabu: Chimbuko lake ni mafunzo ya Kibudha, hilo silifichi. Namna tunayoifuata ilianzia hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, mwaka 1979. Mwanzilishi wake, Jon Kabat-Zinn, aliipanga kuwa masomo ya wiki 8 kwa wagonjwa, wakiwemo wa maumivu sugu, akaiweka mbali na mambo ya dini. Hapa hutamki dua ya mtu wala huabudu kitu, na zoezi halichukui nafasi ya sala wala uradi wako. Ukibaki na shaka, muulize kwanza sheikh wako. Mwenye shaka moyoni hatatulia.

Muulizaji wa Bububu: Mie kila nikianza nasinzia.

Jawabu: Huenda mwili unadai usingizi, ulipe usiku. Kisha jaribu asubuhi, usiegemee ukuta, macho yatazame chini bila kufumba.

Muulizaji wa Wete: Niliwahi kunusurika baharini. Nikifumba macho, maji yananirudia kifuani. Niendelee tu?

Jawabu: Pole sana ndugu yangu. Usiendelee hivyo. Yakikujia, fumbua macho, shika mkeka kwa viganja, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona. Jeraha kama hilo linataka mtaalamu. Nenda hospitali iliyo karibu nawe, uwaambie kama ulivyoniambia mimi, uombe kuonana na wahudumu wa afya ya akili. Kwa walioko Unguja, ipo hospitali ya afya ya akili ya Kidongo Chekundu, na wanaoona haya kuitaja nawaambia hakuna aibu yoyote katika kutibiwa. Fuatana na mtu unayemwamini. Zoezi hili uliwache mpaka mtaalamu akwambie ulirudie vipi.